Malta na Wifi: Kutoka Kumi Hadi Moja

Malta ni nchi ya kilomita za mraba 316. Nchi kamili, ina bunge, ina uwanja wa ndege, ina kiti Umoja wa Ulaya tangu 2004, na bado kisiwa chetu cha Mafia kinaipita kwa ukubwa. (Sicily, ile ya Mafia wa aina nyingine, iko kilomita 90 hivi kaskazini. Nalisema mapema kwa sababu Wifi alishauliza.)

Mtu akisikia udogo huo husema hapo hakuna cha kupanga: utashuka, utazunguka, utarudi. Ndipo kisiwa kinapomkamata. Wenyeji wa Malta ni nusu milioni na kidogo, na wageni wanaoingia kwa mwaka wanapita milioni 3. Mahali pa namna hiyo hapamchoshi mtu kwa umbali. Panamchosha kwa foleni, kwa tiketi zilizokwisha mwezi uliopita, kwa basi lililojaa linalompita kituoni huku dereva akimwonyesha kiganja. Kwa hiyo likizo ya Malta ni mambo matatu ya kuyashika kwa meno mapema, na mengine ya kuyalegezea kamba. Hayo matatu yako mwisho wa orodha, kwa kuwa tunahesabu kurudi chini, na kwa kuwa Wifi huwa hafiki mwisho wa chochote alichopewa kusoma.

Mimi nimewahi kufika Malta. Wifi hajafika. Tofauti hiyo haijamzuia kuwa na maoni, na maoni yake nimeyaacha kama yalivyotoka, maana nikiyapunguza atajua na Idi hii hatutakaa meza moja.

10. Plagi

Tuanze na dogo ili tujipe moyo. Waingereza walikaa Malta kuanzia 1800 hadi uhuru wa tarehe 21 Septemba 1964, na huko nako waliacha vitu vile vile walivyotuachia sisi: magari upande wa kushoto, Kiingereza maofisini, na plagi ya miguu mitatu bapa. Chaja uliyonunua Kariakoo inaingia ukutani Valletta bila kubembelezwa. Mjerumani wa chumba cha jirani ndiye atakayeteremka mapokezi kutafuta adapta.

Wifi: “Kumbe kutawaliwa kuna faida.”

Nimemwomba asilirudie hilo mbele ya mzee.

9. Lugha

Kiingereza kinatosha kila mahali, ni lugha rasmi. Ila ukikaa kwenye basi nyuma ya bibi wawili wanaopiga soga, masikio yatakusimama. Kimalta kilizaliwa na Kiarabu kilichovuka kutoka Sicily, kikanenepeshwa na Kiitaliano, kikaandikwa kwa herufi za Kilatini. Utasikia sitta, utasikia sebgħa, utasikia baħar. Alhamisi yao ni il-Ħamis na Ijumaa ni il-Ġimgħa. Nao ni Wakatoliki wa kupindukia: Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan.

Wifi alinyamaza kidogo, kisha: “Sasa futari wanakula saa ngapi?”

Twende mbele.

8. Basi

Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 27 hivi, kwa hiyo kila ramani itakudanganya kwamba uko dakika chache kutoka popote. Uko dakika chache kama ni usiku wa manane. Mchana wa kiangazi, kilomita 10 zinaweza kula saa nzima, kwa sababu kila kaya ina gari na barabara zilichorwa enzi za mikokoteni. Tiketi moja ya basi inatumika kwa saa mbili hata ukibadilisha mabasi, au nunua kadi ya wiki ya wageni na uache kuhesabu sarafu. Ukitaka kushuka unabonyeza kitufe chekundu. Hakuna kugonga bati, hakuna “Shusha!”

Wifi: “Hakuna konda? Sasa nani atatugombeza?”

Kwa yeye na wenzake wanaopenda shamrashamra, habari ya kusikitisha: tumechelewa. Hadi Julai 2011 mabasi ya Malta yalikuwa ya madereva wenyewe, ya rangi ya manjano, na kila mwenye lake alilipamba apendavyo: nikeli mbele, maandishi, picha za watakatifu juu ya usukani. Kina matatu wa Nairobi walikuwa na binamu zao kule. Siku moja yakaondolewa yote, ikaletwa kampuni ya kigeni na mabasi marefu ya kujikunja katikati yaliyokuwa yamestaafu London. Mabasi ya kujikunja, kwenye vichochoro! Mwaka 2013 baadhi yakashika moto na yakaondolewa nayo. Mabasi yale ya manjano sasa yanauzwa madukani, ya ukubwa wa kiganja, yenye sumaku ya kubandika kwenye friji.

Kukodi gari? Inawezekana, usukani uko upande unaouzoea. Lakini gari Malta haliishi barabarani, linaishi kwenye kutafuta maegesho. Anayejiamini Kariakoo Jumamosi atajiweza. Kaka yake Wifi hajiamini Kariakoo hata Jumapili.

7. Ufukwe, na hapa nisikilizeni

Mtu wa pwani hasafiri kwenda Malta kufuata mchanga. Ukitoka Nungwi, Diani au hata Kigamboni ukategemea kuoneshwa mchanga na Malta, utacheka hadi uhurumiwe. Ghuba ya Mellieħa ndiyo yenye ufukwe mrefu kuliko wote nchini, na unaumaliza kwa miguu kabla stori haijakolea. Sehemu kubwa ya pwani ni jiwe. Pale Sliema watu wanatandika taulo juu ya mwamba uliochongoka, wanapaka losheni, kisha wanashuka baharini kwa ngazi za chuma, wakiwa wameshika vyuma viwili, mgongo kuelekea maji, kama fundi anayeshuka kisimani.

Wifi: “Nipande ndege mbili niende kulalia jiwe.”

Ndiyo, Wifi. Na utalipenda, kwa sababu moja ambayo hakuna anayemwambia mtu wa kwetu: bahari ya kule haikupwi. Kupwa na kujaa kwake ni kwa sentimita chache tu. Sisi tumezoea kuamka Paje au Jambiani tukakuta maji yamehama, yamebaki mwani, wakulima wa mwani na miamba, na hoteli inakuambia urudi saa tisa. Malta ngazi ile ile ya chuma inaishia kwenye maji yale yale alfajiri, adhuhuri na jioni, na maji yenyewe ni maangavu hadi unamwona samaki akikutazama vidole. Chukua viatu vya plastiki vya kuogelea. Jiwe lile halina huruma, na mara nyingine kuna viwavi wa baharini, wale wadogo wa zambarau.

Kisha kuna Comino na ghuba yake ya maji ya buluu, ile iliyoko kwenye kila tangazo. Picha ni ya kweli. Kisichoonekana ni watu. Kisiwa hakifiki hata kilomita 4 za mraba, na kiangazi maboti yalikuwa yakimwaga maelfu kwa siku hadi serikali ikaweka utaratibu wa kuweka nafasi mtandaoni. Weka nafasi, nenda na boti ya kwanza asubuhi. Ukikosa, usilie. Kuna ghuba nyingi zisizo na tangazo.

6. Chakula

Pastizzi. Likariri neno hili kabla ya jina la hoteli. Ni kitafunwa cha unga wa tabaka nyembamba, kimefinywa umbo la almasi, ndani jibini laini la ricotta au njegere zilizopondwa. Kinauzwa kwenye vibanda visivyo na viti, kwa bei ambayo Ulaya nzima imeshaisahau. Kikitoka tanuri, tabaka za juu zinapasuka ukigusa tu, mabati membamba yanakudondokea kifuani, na mafuta yanachora duara kwenye karatasi. Unakula umesimama, umeinama kidogo mbele, mkono mmoja chini ya kidevu. Wazee wanateremshia na chai ya maziwa kwenye glasi. Chai ya maziwa! Kwenye glasi! Nilikaribia kuuliza nani ni balozi wa nyumba kumi.

Kwa Waislamu wenzangu, tahadhari: ulizeni mafuta. Wapishi wa kizamani hutumia ya nguruwe kwenye unga. Nyama halali ipo lakini si kila kona. Msikiti mkubwa uko Paola, na walio karibu nao ndio wanaojua bucha. Anayetaka kulala salama ale samaki.

Na samaki wapo. Kuanzia Agosti hadi Desemba kisiwa kizima kinazungumzia lampuki, ambaye ukimwona tu utamwita kwa jina lake la nyumbani: fulusi. Wavuvi wa Malta wanamjua tabia. Fulusi anapenda kivuli, basi wanafunga makuti ya mtende juu ya maboya, wanayatia nanga bahari kuu, na samaki wanakuja wenyewe kukaa chini ya paa. Nyavu zinawazunguka wakiwa wamepumzika. Nenda soko la Marsaxlokk Jumapili asubuhi, halafu tazama mashua zilizofungwa pale: buluu, njano, nyekundu, na kwenye omo macho mawili yamechongwa, kila moja na nyusi yake, yakitazama mbele. Waliokulia Lamu watasimama kidogo hapo, maana majahazi yao nayo yana macho.

Wifi hakusimama popote. Aliona mlo wa taifa ni sungura aliyepikwa kwa mvinyo na vitunguu saumu, akaifunga menyu niliyokuwa nikimwonyesha. “Watoto wa kaka yangu wana sungura wawili ndani, wana majina. Mimi nirudi nyumbani niwatazame usoni?” Nikampa Kinnie apoze koo, soda yao ya tangu 1952, ya machungwa machungu na majani. (Niliileta chupa moja siku zile, ilikuwa imekaa kabatini.) Akanywa funda moja, akaishika chupa kwa mbali kidogo. “Hii ni mwarobaini imewekewa gesi.”

5. Gozo

Gozo ni kisiwa cha pili cha nchi hiyo hiyo. Pantoni la kwenda huko linatoka Ċirkewwa, linachukua kama dakika 25, na lina utaratibu wa ajabu kuliko pantoni zote nilizopanda: kwenda hulipi. Unapanda tu. Unalipa siku ya kutoka Gozo, maana wanajua utarudi. Asiyetaka kulipa aogelee. Wifi alipolielewa hili alifikiri kwa muda mrefu mno, na nilipomuuliza anafikiri nini akasema, “Na anayeolewa huko huko?” Basi huyo, Wifi, amesafiri bure.

Gozo ni pale unapopumua. Mashamba, makuba ya makanisa, wanawake wa makamo wanaoendesha trekta. Usilale Sliema ukaenda Gozo kwa siku moja na kundi la watu wenye kofia za rangi moja. Lala huko walau usiku kadhaa, hata kama utapunguza usiku wa Valletta. Hili silegezi.

Ukiona kwenye tangazo lolote tao kubwa la mwamba limesimama baharini na maji yakipita chini yake, tazama tarehe ya tangazo. Tao lile la Dwejra lilianguka tarehe 8 Machi 2017, siku ya dhoruba, lote, mguu na paa. Bado linauza likizo. Kuna marehemu wachache wanaofanya kazi kwa bidii hivyo.

Kilichobaki kimesimama ni Ġgantija, mahekalu ya mawe yaliyoanza kujengwa yapata 3600 kabla ya Kristo, wakati mapiramidi ya Giza hayajawa hata wazo. Mengine ya mawe hayo ni makubwa kiasi kwamba wenyeji walikubaliana ni kazi ya jitu. Jitu lenyewe mwanamke: alikuwa akila maharage mapana, mtoto kamning’iniza begani, na mawe kichwani.

Wifi: “Na baba mtoto alikuwa wapi?”

Hadithi haimtaji. Wifi alisema alijua tu.

4. Nguo, viatu na makanisa

Makanisa ya Malta yamepita 350, katika nchi ndogo kuliko Mafia. Hata usipokuwa mtu wa makanisa utaingia moja, na lenyewe ni la Mtakatifu Yohana, Valletta. Nje ni ukuta mkavu wa ngome. Ndani kila unene wa kidole umepakwa dhahabu. Sakafu yote ni makaburi ya mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yohana, karibu 400, kila moja bamba la marumaru la rangi, na mafuvu yaliyochorwa yanayokutabasamia. Mashujaa hao walipewa kisiwa na Mfalme Charles wa Tano mwaka 1530, kodi yake kipanga mmoja kwa mwaka. Naomba mwenye nyumba wangu asome hapo.

Mabega na magoti lazima yafunikwe. Visigino vyembamba haviingii kabisa kwa sababu vinatoboa marumaru. Wifi alikuwa amefungasha jozi ya visigino vyembamba “kwa ajili ya jioni”, na hapo ndipo tulipogombana kwa dhati, kwa kuwa Valletta yote ni ngazi: mitaa inapanda na kushuka kwa vidato vya mawe vilivyolainishwa na miguu ya miaka 450. Mshairi Byron, aliyekuwa na mguu mbovu, alipoondoka hapo mwaka 1811 alizilaani ngazi hizo kwa beti.

Suluhisho ninalo na ni jepesi: kanga, doti moja. Kipande kimoja mabegani ukiingia kanisani, cha pili kiunoni kama sketi ni fupi. Ukitoka, unavitandika juu ya lile jiwe la Sliema. Jioni upepo ukivuma unajitanda. Hakuna vazi la likizo lililotengenezwa Milan linalofanya kazi nne.

Wifi: “Ila lina maandishi. Nivae lipi?” Akachagua moja la kunisema mimi. Huko hakuna wa kulisoma, kwa hiyo nimelipitisha.

Ndani ya kanisa hilo kuna chumba cha pembeni chenye mchoro mkubwa kuliko yote aliyoichora Caravaggio, wa mwaka 1608: Yohana Mbatizaji amelazwa chini, anakatwa kichwa, giza pande zote. Ni mchoro pekee alioutia sahihi, na sahihi yenyewe ameiandika ndani ya damu inayotiririka shingoni. Caravaggio alikuwa amekimbia Roma kwa kuua mtu. Malta wakampokea, wakamfanya shujaa wa shirika lao. Muda mfupi baadaye akapigana tena, akafungwa, akatoroka. Wenzake wakakutana wakamfukuza rasmi kwenye chumba hicho hicho, mbele ya mchoro wake mwenyewe. Simama pale dakika kumi. Mengine yote kanisani yanang’aa, ule haung’ai, na ndio utakaoondoka nao.

Kuna na Mosta: tarehe 9 Aprili 1942 bomu la Wajerumani lilitoboa kuba la kanisa likiwa na waumini kama 300, likabiringika sakafuni, lisilipuke. Na makanisa kadhaa ya vijijini yana saa mbili ukutani, moja ya kweli na moja ya uongo. Wenyeji husema ya uongo ni ya kumchanganya shetani asijue misa ni saa ngapi. Sisi tunaosema saa sita wakati simu inaonyesha 12 tungemmaliza shetani huyo kabla ya saa nne asubuhi.

3. Kaburi la chini ya ardhi (la kwanza kati ya yale matatu)

Hapa utani unapungua. Mwaka 1902, mafundi waliokuwa wakichimba visima vya maji chini ya nyumba mpya huko Paola walitoboa paa la kitu wasichokijua. Kilikuwa ni Ħal Saflieni: vyumba vya ghorofa tatu vilivyochongwa kwenda chini ndani ya mwamba, kwa zana za mawe na pembe, miaka 5,000 na zaidi iliyopita. Waliozikwa humo wanakadiriwa kufika 7,000. Kuna chumba chenye nguzo na dari iliyochongwa kuiga jengo la juu ya ardhi, na dari nyingine ina mizunguko ya rangi nyekundu ambayo bado inaonekana.

Pumzi za watu zinaharibu rangi hiyo. Kwa sababu hiyo wanaoingia ni 80 tu kwa siku, kumi kumi. Watoto wa chini ya miaka 6 hawaruhusiwi, kamera haziruhusiwi, na tiketi za kiangazi huisha wiki nyingi kabla, pengine miezi. Hii ndiyo tiketi inayotangulia, hata kabla ya hoteli. Ukishaipata siku yake, safari nyingine yote unaipanga kuizunguka.

Wifi alisoma bei. “Nilipie niingie kaburini. Na nisipige picha.”

Ndiyo.

“Sasa watu watajuaje nilikwenda?”

2. Majira

Swali la lini ni kubwa kuliko swali la wapi, na sisi wa kusini ya ikweta, au tulio juu yake, tunalikosea kwa urahisi. Julai na Agosti kwetu ni kipupwe, shule zimefungwa, mwili unadai likizo. Malta wakati huo ni tanuri. Joto linapita nyuzi 30, mvua hakuna, mto hakuna nchi nzima, na jiwe la rangi ya asali ambalo kila nyumba imejengwa nalo linakurudishia jua usoni kutoka pande nne. Maji ya bomba mengi yametolewa chumvi baharini; yanafaa kunywa, ila yana ladha ya kukumbusha yalikotoka.

Ndio wakati bei ziko juu na Waitaliano wako likizo. Ndio pia wakati wa sherehe za vijiji, na hapo naona ugumu kukukataza. Kila parokia ina mtakatifu wake, bendi zake za matarumbeta (mara nyingi mbili, zisizosalimiana), na fataki zinazotengenezwa na wanaume wa kijiji mwaka mzima. Usiku ni uzuri mtupu. Fataki za mlio, hata hivyo, huanza asubuhi, saa mbili, mtu umelala. Kubwa yao ni tarehe 15 Agosti.

Ushauri wangu: mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Bahari imekunywa joto la kiangazi chote, fulusi wapo, watoto wa Ulaya wamerudi shule. Wenye haraka waende Mei, lakini maji bado yatawashtua kidogo. Desemba na Januari ni koti, upepo na mvua, ingawa hoteli zinakaribia kukubembeleza.

Mgeni maarufu kuliko wote wa Malta hakuzingatia haya. Mtume Paulo alifika baada ya msimu wa kusafiri kwisha, yeye na wenzake 276 kwa jumla, merikebu imevunjika, wengine wameshikilia mbao. Mvua inanyesha, wanawasha moto, nyoka anamng’ang’ania mkononi. Soma Matendo ya Mitume sura ya 28. Hakuwa na nafasi hotelini, akapata mwenyeji aliyemkirimu siku tatu, na akakaa kisiwani miezi mitatu.

Wifi: “Miezi mitatu! Na viza yake?”

Swali zuri kuliko yote aliyouliza, na linatufikisha.

1. Viza

Malta imo Schengen tangu mwisho wa 2007, na kwa pasipoti zetu za Afrika Mashariki bila viza hakuna ngazi ya chuma, hakuna pastizzi, hakuna Caravaggio. Haya ndiyo ya kuandika kwenye karatasi na kubandika ukutani.

Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Zile siku 15 ni za kwenye sheria. Miadi yenyewe ya kupeleka karatasi inaweza kuwa mbali, kwa hiyo anza miezi mitatu au minne mapema. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na wakikunyima hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari ifikie yuro 30,000. Nchi ndogo kama Malta haina ofisi ya viza kila mji, na mara nyingine nchi nyingine ya Schengen inaipokelea maombi, basi uliza kwanza nani anapokea mahali unapoishi kabla hujapanda basi la usiku na bahasha yako.

Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Nalisisitiza kwa sababu Wifi amegundua boti ya mwendokasi inayovuka kutoka Valletta hadi Sicily kwa muda usiofika saa mbili, na sasa anataka wiki moja Malta na siku kumi Italia “tukiwa tumeshafika”. Hapo, Wifi, siyo Malta tena unayoiomba, ni Italia, na orodha hii yote nimekuandikia bure.

Taarifa za benki wanataka za miezi kadhaa, na wanataka pesa inayoingia na kutoka kama ya mtu anayeishi, siyo mamilioni yaliyotua juzi yakiwa yanahema. Barua ya mwajiri, au leseni ya biashara. Ndege: kutoka kwetu hakuna ya moja kwa moja, utapitia Istanbul, Doha, Roma au kwingine, na usilipie tiketi isiyobadilishika kabla ya viza kutoka, hata wakala akikuapia kwa mama yake. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Ulaya imeanza kuchukua picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga mhuri.

Hili la mhuri lilimuuma kuliko yote. “Kaburini sipigi picha, pasipoti haigongwi. Mtaani nionyeshe nini, jua?”

Lakini fomu ameijaza. Nilikuta mezani leo asubuhi, mwandiko mzuri, kila kisanduku kimejaa. Kusudi la safari: mapumziko. Malazi: pamoja na wifi yangu. Nikashuka hadi pale panapoulizwa nani anagharamia safari na maisha ya mwombaji muda wote atakaokuwa huko, na jina lililoandikwa hapo, kwa herufi kubwa, ni la mume wangu. Bado hajaambiwa. Wifi anasema hilo ni la kupangwa na mimi.